Ukuta wa sebule ya Tabata: kisa cha kutafuta picha ya mkono kwa laki tatu na nusu

Mwanzoni mwa masika ya mwaka jana, mtoto wa mama yangu mdogo alihamia nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mumewe na mtoto wao wa miaka mitatu. Nyumba ni ya vyumba viwili na sebule, imepakwa rangi ya krimu kuanzia mlango wa mbele hadi jikoni, na kodi yake ililipwa ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya jiji hili. Baada ya kodi, ada ya dalali na gari la kuhamisha vyombo, walibaki na shilingi 350,000 ambazo mdogo wangu alizitenga kwa jambo moja tu, nalo ni ukuta mkubwa wa sebule, wenye upana wa mita 3.6, unaotazamana na mlango. Alitaka kitu kilichochorwa kwa mkono, kitakachomfanya mgeni ajue ameingia kwa nani. Mumewe alitaka televisheni kubwa zaidi. Walipokuja karakana kwangu miezi minne baadaye, fedha zilizobaki zilikuwa shilingi 145,000, picha mbili walizokwisha kununua hawakuzipenda, na kila mmoja alizungumza nami kana kwamba mwenzake hayupo.

Mimi hutengeneza fremu za picha. Nalazimika kusema za picha, kwa sababu jijini ukisema una fremu watu hudhani ni chumba cha duka na huuliza iko mtaa gani na kodi yake ni kiasi gani kwa mwezi. Kazi hii imenizoesha kuona migongo ya picha kuliko nyuso zake, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu imetokana na mazoea hayo.

Picha ya kwanza waliinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000. Ilikuwa ya vipande vitatu vinavyopangwa kandokando, na vikikaa pamoja vinatoa ua moja kubwa jekundu lenye matone ya maji. Aliyewauzia hakuwadanganya hata neno moja, kwani aliwaambia ni picha ya ukutani nao wakalipia picha ya ukutani. Imechapwa kwa mashine juu ya kitambaa chenye utando wa plastiki, kikavutwa juu ya mbao laini na kupigwa pini kwa nyuma. Kasoro yake ilionekana siku mtoto wa jirani alipotumwa kuomba chumvi, akasimama katikati ya sebule na kusema, "Na nyie mna ua letu!" Mdogo wangu alinisimulia hayo akicheka, lakini picha aliishusha jioni ileile. Sina ugomvi na picha za mashine, na nimezitilia fremu nyingi bila kinyongo, ila mtu anayetaka nyumba ifanane na yeye hawezi kulalamika ikiwa kitu kilichotengenezwa kwa maelfu kimefanana na watu maelfu.

Picha ya pili ndiyo iliyoleta maumivu. Waliinunua kando ya barabara, kwenye kibanda ambacho sitakitaja, kwa shilingi 120,000. Ilikuwa na tembo wanne wakipita chini ya Mlima Kilimanjaro, anga la rangi ya machungwa likififia hadi njano, na mti mmoja wa mgunga upande wa kulia. Muuzaji aliwaambia kwamba ni Tingatinga ya asili, yaani ya ule mtindo wa uchoraji ulioanzia Dar es Salaam, kwamba mchoraji wake amefariki, na kwamba hii ndiyo iliyobaki. Wiki moja baadaye, mdogo wangu akiwa kwenye daladala katika barabara nyingine, aliwaona tembo wale wale chini ya mlima ule ule. Alishuka. Katika vibanda vitatu vilivyofuatana alihesabu picha kumi na moja za namna hiyo, nyingine mgunga ukiwa kulia, nyingine ukiwa kushoto, zikiwa na sahihi za watu watatu tofauti. Alirudi nyumbani akiamini kwamba ameuziwa nakala ya mashine mara ya pili, safari hii kwa uongo. Mumewe akasema fedha iliyobaki iende kwenye televisheni, nami nikaitwa kuamua kesi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuigeuza picha. Kitambaa kilikuwa cha marekani, pamba ya kawaida ambayo bibi zetu waliitumia kwa shuka na sanda, na mahali pawili karibu na ukingo rangi ilikuwa imepenya nyuzi na kutoka upande wa nyuma kama doa la mafuta. Kisha nikaipeleka mlangoni, nikaishika ubavu ili mwanga uipitie kwa upande. Madoadoa meupe yaliyozunguka masikio ya tembo yalikuwa yameinuka, kila moja likiwa na kijincha kidogo pale brashi ilipoachia rangi, na ukipitisha kidole juu yake unahisi kama unapapasa upele. Mgongoni mwa tembo wa tatu kulikuwa na unywele wa brashi ulionaswa na rangi. Mashine haidondoshi nywele. Katika picha ya kuchapwa doadoa ni bapa kama ngozi ya chungwa lililomenywa, na ukilisogelea kwa lenzi unakuta vijidoa vidogo zaidi vya rangi tatu au nne vilivyosongamana, ambavyo mkono wa binadamu hauwezi kuvifanya wala hauna sababu ya kuvifanya.

Kwa hiyo picha ilikuwa ya mkono, na niliwaambia hivyo. Mumewe alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa, shemeji, zile kumi na moja ni za nani?" Nikamjibu kwamba nazo ni za mkono.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa kigumu, na ndipo wanunuzi wengi wanapokwama. Sisi tunapotamka neno halisi juu ya picha huwa tunachanganya mambo mawili ambayo katika uchoraji wa Tingatinga hayaendi pamoja. Jambo moja ni kwamba kitu kimetengenezwa na mkono wa mtu. Jambo la pili ni kwamba hakuna kingine kama hicho. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya kupakia baiskeli na milango, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Picha zake ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni na wafanyakazi wa balozi. Alichora kwa miaka michache mno, kwa sababu mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Ndugu na vijana aliokuwa amewafundisha, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda na Omari Amonde, waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wachoraji wa kizazi kilichofuata wakasajili chama chao cha ushirika. Wote hao walijifunza kwa kumwigiza aliyewatangulia. Mwanafunzi hupewa kujaza rangi ya chini, baadaye madoadoa, baadaye mnyama mzima, na mnyama wake wa kwanza huwa ni mnyama wa mwalimu wake. Picha inayopata soko hurudiwa na wenzake wote kibarazani, na hakuna anayeona kuwa ameibiwa, kama vile fundi wa vitanda haoni kuwa ameibiwa mwenzake anapochonga kitanda cha namna ileile.

Mtu anaweza kuupenda au kutoupenda utaratibu huo. Mimi naona umelisha familia nyingi na pia umewachosha tembo. Lakini haiwezekani kuuita udanganyifu, na nilimwambia mdogo wangu hivyo waziwazi: tembo wake hawakuwa na kosa. Uongo ulikuwa mdomoni mwa muuzaji, katika yale maneno ya mchoraji aliyefariki na picha iliyobaki, na uongo huo ulikuwa na bei yake. Tulikaa tukaipiga hesabu. Kitambaa, mbao za nyuma, rangi, kazi ya mchoraji ya siku moja na nusu hivi kwa picha ambayo mkono wake umeizoea, pamoja na faida ya kibanda, vyote kwa makadirio yangu havikuzidi shilingi 70,000. Hizo 50,000 zilizobaki walilipia maneno. Baada ya hapo mumewe aliipenda picha ile kidogo, nadhani kwa sababu sasa alijua hasa alichoibiwa na ambacho hakuibiwa.

Swali lililobaki ni nini kingeweza kufanyika kwa shilingi 145,000. Tulizipitia njia nne, na sitazipa zote uzito sawa kwa sababu hazikuwa na uzito sawa.

Wazo la kwanza lilikuwa kinyago cha mpingo kutoka kijiji cha wachongaji cha Mwenge, na mdogo wangu alilipenda kwa kuwa kwao ni Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, na aliwahi kuona kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana mmoja juu ya mwingine kama mnara, katika nyumba ya mwalimu wake. Tulikwenda siku ya Jumamosi. Nilimwonyesha namna ya kutambua mpingo kwa kunyanyua tu, maana mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini, na namna ya kutazama chini ya kitako, mahali ambapo mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu hujisaliti ukikwaruzwa kwa kucha. Mpingo wa kweli mara nyingi huwa na ukanda wa njano hafifu pembeni, ule wa tabaka la nje la mti, na wachongaji wazuri huuacha uonekane. Kinyago kilichomvutia kilikuwa na urefu wa mkono mmoja na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wake. Tulikiacha kwa sababu moja tu: mtoto wa miaka mitatu na kitu kizito chenye ncha juu ya meza ndogo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa bado anakizungumzia.

Njia ya pili ilikuwa chapa za mkono, yaani picha zinazochongwa kwanza kwenye bamba, likapakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi, kisha kila karatasi ikaandikwa namba yake kwa penseli, kwa mfano 4 kati ya 20. Kazi za namna hii zilifanyika sana Nyumba ya Sanaa, taasisi iliyoanza mwaka 1972 na ambayo jengo lake katikati ya jiji sasa halipo. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 akiwa anajulikana duniani kwa mashetani wake wenye masikio makubwa, ni mmoja wa waliopitia pale. Kwa mtu mwenye fedha kidogo chapa ni njia nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mchoraji anagawanya gharama ya kazi yake kwa karatasi nyingi na kila karatasi bado imepita mikononi mwake. Kikwazo ni kioo. Karatasi katika nyumba ya Dar es Salaam bila kioo na mgongo uliozibwa vizuri huota madoa ya ukungu katika masika moja, na kioo kwa vipimo walivyotaka kingekula nusu ya fedha.

Njia ya tatu ilikuwa kwenda Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wana studio ndani ya makontena, na mtu anaweza kuingia, kutazama kazi ikiwa haijakauka na kuzungumza na anayeichora. Tulikwenda. Kazi nyingi zilizidi uwezo wetu, na moja ambayo haikuzidi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Hata hivyo safari ile ilikuwa na faida ambayo sikuitarajia, kwani mdogo wangu alimwona msichana mmoja akichora mlango wa nyumba ya bibi yake kwa kumbukumbu, na njiani kurudi akasema, "Kaka, kumbe mimi nilikuwa natafuta picha nzuri. Ninachotaka ni kwa Bibi."

Hilo lilibadili kazi nzima. Kwa muda wa miezi minne walikuwa wamezunguka wakitazama vilivyokwisha kuchorwa, na vilivyokwisha kuchorwa kwa bei yao huwa ni vile ambavyo mgeni wa siku tatu atavinunua: tembo, twiga, Mmasai na mkuki wake. Hakuna mchoraji anayeweza kuweka kibandani picha ya ua wa bibi fulani wa Newala akitegemea kwamba mjukuu wake atapita. Picha ya namna hiyo sharti iagizwe, na watu wengi hudhani kwamba kuagiza ni kwa matajiri. Kwa wachoraji wa kibarazani mambo ni kinyume. Mchoraji huyo hulipwa kwa kipande, rangi anazo, brashi anazo, na mara nyingi anapochora tembo wa kibandani hana hakika ya kulipwa mapema, kwa sababu picha inakaa kwa muuzaji hadi itakaponunuliwa. Mtu anayemjia na kianzio mkononi anampunguzia wasiwasi, na kwa hiyo bei ya picha iliyoagizwa haipishani sana na ya picha iliyotundikwa. Mara nyingine huwa chini, maana mtu wa kati hayupo.

Nilimpeleka kwa kijana mmoja ambaye huniletea kazi zake nizitilie fremu. Alijifunza kwa mjomba wake, na huchorea kibarazani kwao Mabibo. Tulipofika alikuwa amechuchumaa, makopo madogo ya rangi yamepangwa mbele yake kama vyombo vya mtoto anayecheza mapishi, na kopo la mafuta ya taa la kuoshea brashi kando ya mguu. Mazungumzo ya bei yalichukua muda mrefu, na nitayaeleza kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wanunuzi huiharibu. Kijana alitaja 130,000. Mdogo wangu, kwa mazoea ya sokoni, alitaka kutaja 60,000 wapande na kushuka hadi katikati, nikamzuia. Ukimpunguzia fundi wa aina hii bei bila kumpunguzia kazi, atapunguza mwenyewe pale usipopaona: atapaka rangi ya chini mara moja badala ya mara mbili, au ataichanganya na mafuta ya taa hadi iwe nyepesi. Badala yake tulizungumza juu ya vitu viwili, ukubwa na idadi ya vilivyomo.

Juu ya ukubwa, mdogo wangu alitaka mita moja kwa sentimita 80. Karatasi nzima ya hadibodi ni futi 4 kwa futi 8. Ukiikata kwa futi 2 kwa 2 unapata vipande vinane na hakuna kinachobaki, wakati kipimo alichokitaka kingeacha mabaki ambayo mtu fulani angeyalipia, na mtu huyo angekuwa yeye. Mraba wa karibu sentimita 60, ambao watu huuona kama alama ya Tingatinga wa kale, unaendana barabara na hesabu hiyo ya ubao. Juu ya idadi, tuliondoa kuku watano kati ya saba, tukaondoa baiskeli na mtu wa pili. Vilivyobaki ni nyumba ya Bibi, mkorosho mmoja mkubwa, mtungi wa maji kivulini, Bibi mwenyewe akiwa amekaa, na kuku wawili. Kila kilichoondolewa kilikuwa saa ya kazi. Bei ikafika 90,000 na hakuna aliyehisi kubanwa. Kianzio kilikuwa 40,000.

Nilimwomba kijana jambo moja, kwamba akishapaka rangi ya chini ikakauka, achore umbo lote kwa chaki na kututumia picha kwa simu kabla ya kufungua kopo jingine. Rangi hii ya mafuta huchukua siku kukauka vizuri, na kufuta kosa lililokwisha kupakwa maana yake ni kuanza upya. Siku ya tatu picha ilifika kwenye simu ya mdogo wangu, naye akaipeleka Newala kwa mama yangu mdogo. Jibu lilirudi kwa sauti, na ninaikumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, picha nzuri, lakini mbona korosho zimekaa juu ya bibo kama kofia?"

Ni kweli. Kijana aliyezaliwa na kukulia Mabibo, mtaa wenye jina la tunda lenyewe, alikuwa amechora bibo likining'inia na korosho imekaa juu yake, karibu na kikonyo, mahali ambapo mtu asiyeufahamu mti angedhani mbegu inastahili kukaa. Korosho hukaa chini, kwenye ncha ya bibo, nje kabisa, kama ndoana iliyosahauliwa. Kwa watu wa kusini, ambao ada za shule na mabati ya nyumba vimetoka kwenye ndoana hiyo, kosa hilo ni sawa na kumchora mtu na pua kisogoni. Kijana alicheka sana, akafuta kwa kitambaa kibichi, akachora upya. Halafu akaomba atumiwe picha ya mti wenyewe, na mama mdogo akatuma nane, mojawapo ikiwa ya kidole chake tu. Kwa picha hizo alijua pia kwamba matawi ya mkorosho mzee hushuka hadi karibu na ardhi, na akayashusha. Mchoro uliotokana na marekebisho hayo una uzito ambao sijauona katika tembo wake wowote.

Niliomba na jambo jingine, ambalo wateja hulisahau kwa kuwa linaonekana dogo: aandike mgongoni mwa ubao jina lake, mwezi na mwaka, na picha inahusu nini. Aliandika kwa rangi nyeusi, kwa herufi za mwanafunzi mwenye bidii.

Fremu niliifanya kwa masalia ya mninga niliyokuwa nayo, kwa shilingi 35,000, ambayo ni bei ya ndugu. Hadibodi iliyopakwa rangi ya mafuta haihitaji kioo, na huo ni mmoja wa uungwana wake katika mji wa pwani. Inachohitaji ni hewa. Kuta zetu za tofali za saruji hunyonya unyevu wakati wa masika, na ubao uliobanwa ukutani hupinda na kuota ukungu kwa nyuma bila mwenye nyumba kujua. Dawa yake ni rahisi: vipande viwili vya kandambili kuukuu, vyenye ukubwa wa sarafu, vikigundishwa kwenye pembe mbili za chini za fremu, huiachia picha nafasi ya hewa kupita. Sijaona kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mwenye nyumba alikuwa amekataza matundu ukutani. Mdogo wangu alikwenda kumwona jioni, akamwamkia, akamweleza kwamba ni tundu moja tu la milimita 6, litakalopigwa kwa drili na si kwa msumari, na kwamba litazibwa siku ya kuhama. Mzee aliuliza ni picha ya nini. Alipoambiwa ni ya bibi, alikubali, na baadaye alikuja mwenyewe kuitazama, jambo ambalo naamini hakuwahi kulifanya kwa ajili ya televisheni ya mpangaji yeyote.

Mahali pa kuitundika palileta ubishi mfupi. Sisi tumezoea kuona picha katika ofisi zikiwa zimetundikwa juu karibu na dari, zimeinama mbele kidogo kama zinatusikiliza, na mumewe alitaka na hii iwekwe vivyo hivyo. Lakini sebuleni watu hukaa, na familia hii hula juu ya mkeka. Tuliishusha hadi mtu aliyekaa kwenye kochi aweze kumtazama Bibi bila kuinua kidevu. Ukuta wa mita 3.6 wenye picha moja ya sentimita 60 haukuwa mtupu kama tulivyohofia, ingawa sitadai kwamba umejaa. Tembo wanne walihamia chumba cha mtoto, ambaye amewapa majina. Mbao za ua jekundu nilizivua plastiki yake. Moja nimeivutia kitambaa cha marekani ili mtoto apake rangi mwenyewe, na mbili bado ziko karakana zikisubiri mtu apate wazo. Katika mfuko zilibaki shilingi 20,000, na nauli za wiki zile zote zilizimaliza.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu alinipigia simu akiwa barabarani. Alikuwa ameona katika kibanda kimoja picha ya mraba ya mkorosho, matawi yameshuka hadi chini, korosho zikiwa mahali pake panapostahili. Mumewe alikasirika, akasema tulipaswa kumfunga kijana kwa maandishi. Nilimpigia kijana, naye hakuficha. "Kaka, mti ule umependwa," alisema. "Mteja wa kwanza kanikuta naumalizia wa dada, akataka wake. Lakini Bibi sijamchora tena, wala ule mtungi." Nilimweleza mdogo wangu hayo. Alinyamaza kwa muda, nikasikia honi za magari, kisha akauliza kama sahihi iliyoko kwenye ile ya kibandani ni ya kijana yule yule. Nilimwambia ndiyo. Jioni hiyo aliishusha ya kwao ukutani, akaigeuza, akampigia mama yangu mdogo na kumsomea maandishi ya mgongoni, pamoja na jina la kijiji ambalo mchoraji alikuwa amelikosea herufi moja.